Mabingwa wa Ncha: Rekodi za Hadubini Zinazoandika kwa Umeme

Mwaka 2005 Yasuo Cho na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, Japani, walitangaza kwamba wamebananisha alama kwa kiwango cha biti trilioni 10.1 kwa kila inchi ya mraba. Hawakutumia sumaku. Walitumia ncha ya hadubini, volti chache, na kipande cha fuwele ya lithiamu tantaleti kilichokwanguliwa hadi kikabaki na unene wa makumi ya nanomita. Kila doa waliloandika lilikuwa na upana wa nanomita 5 hivi. Ukipiga hesabu, inchi moja iliyojaa madoa ya namna hiyo ingebeba yaliyomo kwenye DVD zaidi ya 260.

Watu wa fani hii wakitaka kujisifu huanzia hapo, na si ajabu. Lakini tangu miaka ya 1990 ncha hizi zimekuwa zikishindana kwa mengi: nani kaandika doa dogo zaidi, nani kaandika kwenye utando mwembamba zaidi, nani kaandika haraka, nani kaandika bila hata kutumia umeme. Hapa nimekusanya rekodi ninazoona zinastahili kukumbukwa, pamoja na moja ya kuchekesha. Niseme mapema ninavyopima. Katika kazi hii chombo kinachoandika ndicho hicho hicho kinachosoma, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hiyo rekodi iliyothibitishwa kwa jicho jingine, au iliyojikinga na hila za chombo chenyewe, kwangu ina uzito kuliko rekodi yenye tarakimu kubwa tu.

Ncha hufanya nini

Chukua bariamu titaneti. Ndani ya kila kijumba cha fuwele yake kuna atomu ya titani iliyozungukwa na oksijeni sita. Katika joto la kawaida titani hiyo haikai katikati. Husogea kidogo upande mmoja, na chaji chanya na hasi zikaachana. Ikisogea juu, upande chanya unakuwa juu. Ikisogea chini, mambo yanageuka. Kijumba kimoja hakiamui peke yake. Majirani huelemea upande mmoja kwa pamoja, na eneo zima lenye mwelekeo mmoja ndilo huitwa domeni. Feroelektriki ni vitu vyenye tabia hii, ambavyo mwelekeo wake unaweza kugeuzwa kwa umeme kisha ukabaki ulivyogeuzwa hata umeme ukikatwa.

Hadubini inayotumika haitazami sampuli kwa lenzi. Ina mkono mwembamba wa silikoni, na mwishoni mwa mkono huo kuna ncha iliyopakwa metali, mara nyingi platini na iridi, yenye nusukipenyo cha nanomita 20 au 30 pale inapogusa. Utando wenyewe umelazwa juu ya elektrodi. Weka volti 5 kwenye ncha, utando uwe na unene wa nanomita 50, na uga wa umeme ndani yake utafikia volti milioni 100 kwa mita. Hewa ya kawaida hupasuka kwa cheche kwenye volti milioni 3 hivi kwa mita. Ndiyo maana volti za betri ndogo zinatosha kugeuza titani zilizo chini ya ncha, huku zilizo pembeni zikibaki zilivyokuwa.

Kusoma ni hatua ya pili. Volti ndogo inayopanda na kushuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde hupitishwa kwenye ncha ile ile. Utando huvimba na kunywea kwa kuifuata, domeni inayoelekea juu ikivimba wakati inayoelekea chini inanywea. Mwendo wenyewe ni wa pikomita chache, ukizidi sana makumi ya pikomita, yaani haufiki hata upana wa atomu moja. Leza inayodunda mgongoni mwa mkono wa silikoni ndiyo inayoukamata, na picha hutoka na maeneo meupe na meusi.

Waliotangulia

Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndiye aliyeionesha dunia tabia hii, mwaka 1920, akitumia chumvi ya Rochelle. Chumvi hiyo ilitengenezwa mara ya kwanza katika mji wa La Rochelle, Ufaransa, karne ya 17, na kwa miaka mingi watu waliinywa kama dawa ya kulainisha tumbo. Ni feroelektriki kati ya nyuzi 18 chini ya sifuri na nyuzi 24 za Selsiasi, kwa hiyo mchana wa kawaida wa Dar es Salaam ungetosha kuifutia kila kitu.

Ncha zilikuja baadaye sana. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, waliunda mwaka 1981 hadubini inayosoma uso wa kitu kwa elektroni zinazopenya mwanya mdogo kati ya ncha na kitu hicho. Walipata Nobeli mwaka 1986. Mwaka huo huo Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber wakaitoa ndugu yake, hadubini ya nguvu za atomu, ambayo ncha yake hugusa. Miaka sita baadaye, mwaka 1992, Güthner na Dransfeld wa Konstanz, Ujerumani, wakaipa ncha hiyo volti na kugeuza domeni za utando wa feroelektriki. Utando wao ulikuwa wa plastiki, polima yenye florini, tena laini. Leo kila mtu anazungumzia oksidi, na majina ya hao wawili hutajwa haraka haraka katika sentensi ya kwanza ya makala kisha yakasahaulika. Naona wanaonewa.

Msongamano: 10.1 au 4?

Turudi Sendai, maana rekodi hii ina mengi ndani yake.

Kinachoruhusu madoa kubanana hivyo ni mpaka. Ukuta unaotenganisha domeni mbili za feroelektriki una unene wa vijumba vichache vya fuwele, nanomita 1 au 2. Ukuta wa domeni za sumaku kwa kawaida huchukua makumi ya nanomita. Mipaka ikiwa myembamba, madoa yanaweza kusogezwa karibu karibu bila kuchanganyikana.

Cho alikuwa na silaha nyingine pia. Hakusoma kwa kupima kuvimba kwa fuwele. Hadubini yake, ambayo amekuwa akiiendeleza tangu miaka ya 1990, hupima jinsi uwezo wa fuwele wa kuhifadhi chaji unavyobadilika kidogo mno chini ya ncha kulingana na mwelekeo wa domeni. Sakiti inayotetema kwa masafa ya juu huunganishwa na ncha, na badiliko hilo dogo likaonekana kama kuyumba kwa masafa. Njia hii haisumbuliwi na mambo mengi yanayoisumbua njia ya kuvimba, ambayo nitayafikia.

Sasa, jambo ambalo vichwa vya habari huliruka. Terabiti 10.1, yaani zile biti trilioni 10.1, zilipatikana kwenye kikundi kidogo cha madoa yaliyopangwa ili kuonesha kuwa ukaribu huo unawezekana. Hakikuwa kitabu wala wimbo. Data halisi, yenye sifuri na moja zinazofuatana jinsi taarifa inavyotaka na si jinsi mpangaji anavyopenda, Kenkou Tanaka na Cho waliiandika mwaka 2010 kwa terabiti 4 kwa inchi ya mraba. Mtu anayejua tabu ya kuandika doa jeupe katikati ya meusi mawili bila kuyamega atakubaliana nami kwamba ile 4 ni kubwa kuliko ile 10.

Msomaji wa Goma au Kigali ana hisa kidogo katika habari hii. Tantalamu iliyomo kwenye fuwele ya Cho ni metali inayotoka kwenye koltani, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pamoja na Rwanda ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa uzalishaji wake. Sehemu kubwa ya metali hiyo huishia kwenye kapasita za vifaa vya umeme. Fuwele za maabara huchukua chembe tu.

Mwembamba kuliko wote

Hapa ugomvi ni mkali, na mshindi anategemea unahesabu nini.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba utando ukipunguzwa mno feroelektriki hufa. Sababu ni chaji zinazokaa juu na chini ya utando. Zisipofunikwa vizuri na elektrodi huzalisha uga unaopinga mwelekeo uliopo, na kadiri utando unavyopungua ndivyo uga huo unavyopata nguvu. Mwaka 2003 Javier Junquera na Philippe Ghosez walikokotoa kwamba bariamu titaneti iliyowekwa kati ya elektrodi za strontiamu rutheneti ingekata roho chini ya vijumba sita, yaani nanomita 2.4 hivi. Mwaka uliofuata Dillon Fong na wenzake wakaonesha kwa eksirei kwamba titaneti ya risasi inahimili hadi vijumba vitatu, nanomita 1.2. Hakuna ncha iliyogusa utando huo. Ni jicho jingine kabisa, na ndiyo maana matokeo hayo hayajapoteza heshima hadi leo.

Mwaka 2009 Vincent Garcia na wenzake, wengi wao wa Ufaransa, wakaileta ncha kwenye uwanja huo. Walichukua bariamu titaneti ya nanomita 3, 2 na 1, wakaandika domeni, halafu wakaitumia ncha kupima umeme unaopenya utando. Kwenye nanomita 3 tofauti ya ukinzani kati ya domeni za juu na za chini ilifika asilimia 75,000, ambayo ni mara 750 hivi. Kwenye nanomita 1 ilishuka hadi asilimia 200, lakini bado ilisomeka. Uzuri wa kazi hii ni kwamba domeni zilisomwa kwa njia mbili, kuvimba na kupenya kwa elektroni, na picha zikalingana.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2016 timu iliyofanya kazi Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, ilionesha feroelektriki kwenye telaridi ya bati yenye unene wa kijumba kimoja. Kipande kinene cha kitu hicho hupoteza tabia hiyo kwenye kelvini 98, wakati utando wa kijumba kimoja uliishikilia hadi kelvini 270, karibu na kiwango cha maji kuganda. Kinyume cha yote yaliyohofiwa: wembamba uliipa nguvu. Mwaka 2020 Suraj Cheema, Sayeef Salahuddin na wenzao wa Berkeley wakatangaza hafniamu oksidi iliyochanganywa na zirkoniamu, nanomita 1 juu ya silikoni, na mwaka 2022 wakashuka hadi nusu nanomita kwa zirkoniamu oksidi. Hii ya Berkeley ndiyo inayowashtua wenye viwanda, kwa sababu hafniamu oksidi imo kwenye transista za kibiashara tangu 2007, na habari kwamba inaweza kuwa feroelektriki zilichapishwa mwaka 2011 kutoka Dresden.

Kuna pia nitridi ya boroni ya Tel Aviv ya mwaka 2021, karatasi mbili za atomu zilizolaliana. Karatasi moja ikiteleza kidogo juu ya mwenzake mwelekeo hugeuka, na ncha yenye volti ikipita juu huzisukuma kuta za domeni kwa kuzitelezesha karatasi hizo.

Lakini inayonistaajabisha zaidi ni ya mwaka 2023, ya Jian Gou na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore: utando mmoja wa bismathi tupu. Elementi moja! Chaji zitaachana vipi ikiwa atomu zote ni za aina moja? Jibu ni kwamba katika utando huo atomu hazilali sawasawa. Baadhi huinuka kidogo na nyingine huzama, na katika kupishana huko zingine huzipa jirani zao chaji. Kwa uga wa ncha watafiti waliweza kuisogeza mipaka ya domeni zake.

Aliyeandika bila umeme

Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi la Alexei Gruverman wa Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, pamoja na Gustau Catalan wa Barcelona na Chang-Beom Eom wa Wisconsin, aliyesimamia utengenezaji wa tando. Walichukua bariamu titaneti ya vijumba 12, nanomita 4.8, wakaielekeza yote juu kwa volti. Kisha wakazima umeme na kuibonyeza ncha kwa nguvu ya takriban mikronyutoni 1. Popote ilipobonyeza na kupita, domeni iligeuka ikaelekea chini.

Kinachofanya kazi hapo ni tofauti ya mkandamizo. Vijumba vilivyo moja kwa moja chini ya ncha hubanwa sana, vilivyo kina kidogo hubanwa kidogo. Fuwele iliyobanwa kwa kiwango kinachobadilika kila hatua hutengeneza uga wake wenyewe. Katika kitu kikubwa athari hiyo ni ndogo hata haina maana. Lakini ukiibana tofauti hiyo ndani ya nanomita tano, uga unaotokea unalingana na ule wa volti halisi. Kasoro yake ni kwamba ncha inajua kubonyeza tu, haijui kuvuta, kwa hiyo huandika upande mmoja. Kufuta ni lazima urudi kwenye volti.

Umuhimu wa kazi hii ni mkubwa kuliko inavyoonekana. Ncha yenye volti huweza kumwaga chaji juu ya utando, na chaji hizo hujifanya domeni kwenye picha. Ncha iliyozimwa haina volti ya kuzisukuma chaji hizo. Doa likitokea, ni vigumu kulitilia shaka.

Haraka, polepole, na kwenda kina

Rekodi ya kasi nayo ni ya Sendai: katika kazi ile ile ya 2005 mpigo wa volti wa pikosekunde 500, nusu ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ulitosha kugeuza domeni.

Upande wa pili ni kutambaa. Mwaka 2002 Thomas Tybell, Patrycja Paruch, Thierry Giamarchi na Jean-Marc Triscone, wakifanya kazi Geneva, walipima jinsi ukuta wa domeni unavyosogea baada ya kuzaliwa chini ya ncha. Katikati, uga ukiwa mkali, ukuta hukimbia. Ukienda mbali na ncha uga hupungua, na ukuta huanza kukwama kwenye kasoro ndogo ndogo za fuwele, ukijinasua kwa msaada wa joto tu. Matokeo yake ni kwamba ukiongeza muda wa mpigo mara 10 upana wa domeni hukua kwa kiasi fulani. Ukiongeza mara 10 nyingine hukua kwa kiasi kile kile tu. Kwa anayetaka doa dogo hiyo ni neema. Utamaliza subira kabla ukuta haujafika mbali.

Kwa kina, bingwa ni Tel Aviv. Gil Rosenman, Michel Molotskii na wenzao waliacha volti chache wakatumia kilovolti, kwenye fuwele nene badala ya tando, na mwaka 2003 walieleza domeni nyembamba kama sindano zilizopenya fuwele hadi upande wa pili, zaidi ya mikroni 100 kwenda chini. Uga wa ncha hauwezi kufika huko. Domeni yenyewe, ikishazaliwa, huona nafuu kurefuka kuliko kutanuka.

Ncha inayopinda njia

Bismathi feriti ina mielekeo minane inayowezekana, na ncha inayosukuma juu na chini haitoshi kuchagua mmoja kati ya hiyo. Nina Balke na wenzake walionesha mwaka 2009 kwamba mwendo wa ncha ndio unaochagua. Ncha inaposogea huburuta nyuma yake uga ulioinama, na upande ambao mistari ya skani inaelekea ndio huamua domeni italala wapi. Ukibadilisha upande wa kusogea, volti ikiwa ile ile, domeni hubadilika. Naona hii ni moja ya kazi nadhifu kuliko zote za ncha, na haina tarakimu yoyote ya kuvutia gazeti.

Mwaka huo huo Jan Seidel, Ramamoorthy Ramesh na wenzao wa Berkeley waligundua kwamba kuta fulani za domeni za bismathi feriti hupitisha umeme kwenye joto la kawaida ilhali fuwele iliyobaki ni kihami. Kuta za aina mbili zilipitisha, ya tatu haikupitisha. Waya wa nanomita 2, unaoweza kuchorwa, kufutwa na kuchorwa kwingine kwa ncha. Utafiti mwingi wa leo unafuata njia hiyo, kwa matumaini kwamba ukuta wenyewe utakuwa kifaa.

Kwa ukatili, tuzo ni ya Bryan Huey na James Steffes wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2019 walieleza jinsi walivyotumia ncha kuukwangua utando wa bismathi feriti tabaka kwa tabaka, wakipima domeni kila hatua, hadi karibu nanomita 5 ambapo bado uligeuka.

Mkaidi

Andika doa moja, utapata doa. Andika madoa kwenye mstari, yaanze kukaribiana, na kila moja litaanza kumsumbua jirani. Anton Ievlev, Sergei Kalinin na wenzao walieleza mwaka 2014 mistari ya madoa kwenye lithiamu niobeti ambapo wakati mwingine madoa yalifanana, wakati mwingine kubwa lilifuatwa na dogo kwa zamu, na wakati mwingine mfuatano ulivurugika kabisa bila mpango. Volti ilikuwa ile ile kwa kila doa. Kilichobadilisha tabia ni umbali kati ya madoa, ukubwa wa volti na unyevu wa hewa.

Unyevu ndio mhusika ambaye watu humsahau. Juu ya kila utando ulio hewani kuna tabaka jembamba la maji, na karibu na ncha maji hayo hukusanyika. Hubeba chaji, hufunika domeni, hutanua eneo linaloguswa na volti. Hewa ikiwa na maji mengi doa hunenepa. Atakayefungua maabara ya namna hii Mombasa au Zanzibar, kisanduku cha kukaushia hewa akinunue siku moja na hadubini.

Ndizi

Mwaka 2008 James F. Scott, aliyekuwa Cambridge wakati huo, alichapisha makala fupi yenye ndizi ndani yake. Alibandika elektrodi kwenye ganda la ndizi, akapitisha volti, akapata mchoro wa kitanzi unaofanana na vile ambavyo wengi walikuwa wakivichapisha kama ushahidi wa feroelektriki. Ganda la ndizi si feroelektriki. Kitanzi kilitokana na umeme unaovuja.

Ndizi ya Scott haikuhusisha ncha, lakini somo lake liliwahusu watu wa ncha. Mwaka 2017 Rama Vasudevan na wenzake waliandika tathmini ndefu wakiuliza kwa nini vitu vingi hivi vinaonekana feroelektriki vikichunguzwa kwa ncha. Chaji zinazomwagwa, ayoni zinazohama, mvuto wa umeme kati ya mkono wa silikoni na uso wa sampuli: kila kimoja kinaweza kutoa doa jeupe na jeusi, hata kitanzi cha kupendeza. Mtu akikuonesha picha ya ncha peke yake na kusema amevunja rekodi ya unene, muulize ana kipimo gani kingine.

Kwa nini hazipo dukani

Tuchukue terabiti 10.1 za Cho. Ncha moja ikiandika biti milioni moja kwa sekunde ingehitaji siku 117 kujaza inchi moja ya mraba. IBM ya Zürich ilijaribu dawa ya tatizo hilo katika mradi wake wa Millipede, uliotumia ncha 1,024 kwa pamoja, ingawa zilitoboa polima kwa joto badala ya kugeuza domeni. Haukufika sokoni. Ncha huchakaa, na maelfu ya ncha huchakaa kwa maelfu. Kumbukumbu za feroelektriki zinazouzwa leo hutumia elektrodi zisizosogea, na ncha imebaki kuwa kifaa cha maabara cha kujua domeni inazaliwaje na inakufaje.

Siku hizi hata kuendesha ncha kunaanza kuachiwa mashine. Yongtao Liu na wenzake wa Oak Ridge, Marekani, walieleza mwaka 2022 hadubini inayojichagulia mahali pa kupima kinachofuata kwa kujifunza kutokana na ilichokwisha kuona.

Ukiniuliza kombe la jumla liende wapi, sitalipeleka Sendai, ingawa tarakimu zao ndizo kubwa, wala Singapore, ingawa bismathi yao bado inanishangaza. Nalipeleka Lincoln, Nebraska, kwa kazi ya 2012. Ndiyo rekodi pekee kwenye orodha hii iliyoandikwa kwa ncha iliyozimwa umeme, na kwa hiyo ndiyo ninayoiamini bila kuomba shahidi wa pili.